Kiti cha Pweza Ndani ya Siki

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kiasi cha kumfanya mtu adhani inatoka ndani ya sikio lake mwenyewe. Ilikuwa kama mafuta ya moto yanapoonja tone la maji, ila haikukoma kama mafuta yanavyokoma. Iliendelea, chii, chii, chii, kwa upole na ukaidi, kama mtu anayesengenya pembeni na hataki kusikika. Bi Esha alikuwa ameketi juu ya mkeka, bakuli la unga wa mahamri mbele yake, akiingojea adhana ya Alfajiri. Alisimamisha mikono ndani ya unga, akasikiliza.

Akainuka, ingawa magoti yake hayakupenda. Akaangalia bomba, halikuwa likidondoka. Akagusa mtungi wa gesi, ulikuwa umefungwa. Paka alikuwa amejikunja juu ya kiti, hana habari na dunia. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, zina tabia moja: kuta zake nene huimeza kelele ya nje, ya punda na ya watoto, lakini sauti ndogo ya ndani huifuga na kuizungusha chumba hadi chumba. Bi Esha aliifuata kama mtu anavyofuata harufu ya kitu kinachoungua, akapita sebule, akaingia chumba cha ndani kabisa, akawasha taa.

Sauti ilikuwa ikitoka kwenye vidaka.

Pale ukutani, katika vile vishubaka vya chokaa ambamo mama mkwe wake alizoea kupanga sahani zake za kichina, zilisimama chupa za mjukuu wake, Maram. Ndani ya chupa ya kwanza alikaa yule mnyama wa mikono mitano ambaye watu wa pwani humwita kiti cha pweza. Siku zote alikuwa mgumu kama biskuti iliyosahauliwa. Sasa mwili wake mzima ulikuwa umevaa shanga za povu, na kila ushanga ulipopasuka ulitoa ile sauti, chii, ukampisha mwenzake.

"Yarabi," alinong'ona Bi Esha, akarudi nyuma hatua moja. "Kwani umefufuka?"

Hakuwa amefufuka. Bi Esha aliitazama chupa ya pili, akamwona yule wa miiba, ambaye Maram alisema mwalimu wao anamwita nungu wa bahari, naye akitoa povu. Kaa naye vivyo hivyo. Hapo ndipo harufu ya siki ilipompanda puani, akakumbuka alichokitenda jana.

Chupa hizo zilikuwa zake tangu mwanzo. Bi Esha alikuwa mtu wa achari. Hakuna arusi ya mtaa ule iliyopikiwa pilau bila embe zake au ndimu zake kupita mezani. Kwa hiyo Maram aliporudi kutoka shule siku moja na kusema kwamba Mwalimu Rosebella, mwalimu wao mpya wa biolojia, anatafuta chupa za kioo zenye mdomo mpana, Bi Esha hakuuliza zitarudi lini. Alizichemsha, akazianika darini mpaka zikang'ara, akazifunga kwa kanga moja moja kama watoto wachanga.

Wakati wa bamvua, bahari ilipokupwa na kuuacha mwamba wazi, mwalimu aliwachukua wasichana wa kidato cha tatu wakashuka kutafuta wanyama wasio na uti wa mgongo. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa Kakamega, na kabla ya kuhamishiwa Lamu hakuwahi kuutia mguu wake ndani ya maji ya chumvi. Maram aliporudi alicheka hadi akashika ukuta akieleza jinsi mwalimu alivyokuwa akipiga ukelele kila unyasi ulipomgusa kifundo, na bado hakutoka majini mpaka apate alichokitaka. Hawakuchukua wengi. Kila aina walichukua mmoja, na viti vya pweza wawili, mkubwa na mdogo. Wakawatia katika spiriti, na kila chupa ikafungwa kikaratasi cha jina kwa mwandiko wa Maram.

Kisha mafundi wakaja kuezua paa la maabara, na jua likaingia humo bila kupiga hodi. Mwalimu akauliza darasani nani kwao kuna mahali pa baridi pasipofikwa na mwanga. Maram akainua mkono.

"Ameniambia, 'Basi nakuamini wewe,'" alisema Maram jioni ile, akiziweka chupa katika vidaka kwa mikono miwili. "Mimi, Bibi. Hakumwambia mwengine. Jumatatu tuna somo la vitendo, kila mtu atamwona mnyama mwenyewe, si picha. Kwa hivyo usiziguse."

"Niziguse kwa lipi? Hata kuwatazama siwezi. Nikiwatazama, nao wananitazama."

Na kweli hakuzigusa, hadi Ijumaa baada ya Alasiri. Alikuwa akipangusa vumbi alipoona maji ya zile chupa yamepungua. Pengine vifuniko vyake vya achari havikuwa na mkazo wa kuizuia spiriti. Kiti cha pweza mkubwa alikuwa ameachwa mkono mmoja nje, umenyooka juu, kama mtu anayezama anayeomba aokolewe.

Katika kazi ya achari kuna sheria ambayo Bi Esha aliipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake: chupa haikai nusu. Embe likichungulia juu ya siki huota ukungu, na ukungu wa embe moja huozesha chupa nzima. Bi Esha hakufikiri; mkono ndio uliofikiri. Ulikwenda jikoni, ukaleta siki, ile kali ya kukata pua, ukazijaza chupa moja baada ya nyingine, kila moja kwa Bismillahi yake. Siki ilimwishia alipofika chupa ya mwisho, ya kiti cha pweza mdogo. Akajisemea kwamba hiyo ataijaza kesho. Akalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Sasa adhana ilikuwa ikiita, na yeye alikuwa amesimama mbele ya wema wake, unachemka.

Alimwamsha Maram baada ya sala. Hakumficha. Maram alisimama mbele ya vidaka na nywele zake zikiwa bado zimetimka kwa usingizi, akaishika chupa ya kwanza, akaitikisa kidogo. Mkono mmoja wa kiti cha pweza ulijikunja kama kitambaa kilicholoa.

"Nilikwambia usiguse," alisema, kwa sauti ya chini kuliko ambavyo Bi Esha angependa. Ukelele ungekuwa mwepesi zaidi kuubeba.

"Uliniambia, mwanangu."

"Na yeo ni Jumamosi. Na maji ni mafu, mwamba hautoki mpaka bamvua nyingine. Hatupati wengine." Machozi yalianza. "Nitamwambiaje? Aliniamini mimi."

Kisha Maram akainua uso, na Bi Esha akaliona wazo likimjia kabla halijafika mdomoni. "Tuimwage siki. Tutie spiriti nyingine. Tuseme wameharibika wenyewe, kwa joto. Hatajua."

Bi Esha hakumkemea, kwa sababu wazo lile lile lilikuwa limeshampitia yeye, likaketi naye kitako akiwa juu ya msala. Lingekuwa jepesi. Angebaki jikoni kwake, mahali anapopajua, na asikanyage kizingiti cha mtu aliyesoma. Bi Esha aliliacha darasa akiwa mdogo, mama yake alipougua, na tangu hapo akawa anasoma kwa kidole, neno kwa neno. Katika mikutano ya wazazi huketi karibu na mlango, ili atoke kabla hajaulizwa kitu.

"Siki ina pua yake," alisema mwishowe. "Utaificha, itajitaja yenyewe. Vaa. Tunakwenda Wiyoni, kwa mwalimu wako."

"Wewe pia?"

"Mimi ndimi niliyetia. Kwani kikapu cha chupa kitasema?"

Njiani, Maram mbele na kikapu chake, yeye nyuma na chake, walipita dirishani kwa Bi Fairuz, jirani asiyepitwa na jambo.

"Esha! Achari hiyo asubuhi yote hii? Niwekee chupa moja!"

"Hii huitaki, Fairuz. Ina mikono."

"Ina nini?"

"Mikono mitano," akasema Bi Esha bila kusimama, na kwa mara ya kwanza tangu Alfajiri alihisi mabega ya Maram mbele yake yakitikisika kwa kitu ambacho hakikuwa kilio.

Mwalimu Rosebella aliwafungulia mlango akiwa amejifunga leso, mwiko mkononi. Nyumbani alionekana mdogo kuliko shuleni, msichana tu aliyevaa miwani.

"Maram? Kuna nini? Na huyu ni bibi? Shikamoo, Bibi. Karibuni ndani. Mnisamehe, nyumba ni ndogo."

"Marahaba. Nyumba haiwi ndogo kwa mwenye heri."

Chumba kilikuwa kimoja. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, meza, kiti kimoja, na ukutani picha ya mama mzee amesimama mbele ya migomba, akicheka na jua machoni. Mwalimu alimketisha Bi Esha kwenye kiti, akamketisha Maram kitandani, akamimina chai. Kikombe akampa Bi Esha. Bilauri akampa Maram. Yeye mwenyewe akajimiminia katika chombo cha kioo cha maabara, chenye mistari ya vipimo ubavuni.

"Msishangae, ni kisafi," alisema. "Hiki hakijawahi kutiwa dawa. Nina kikombe kimoja tu."

Bi Esha alikitazama kile kikombe, kisha kile kiti. Aliona sahani moja ikikauka dirishani, na kijiko kimoja kando yake. Akaelewa kwamba tangu mwanamke huyu afike kisiwani, hakuna aliyeketi pale alipoketi yeye. Watu wa Mkomani hujisifu kwa ukarimu, na wana haki ya kujisifu, lakini mgeni huyu alikuwa ameipita mitaa yao kila siku, akasalimiwa vizuri, akajibu vizuri, akarudi kwenye kikombe chake kimoja. Na sasa amekitoa kikombe hicho bila kukitazama mara mbili.

Hapo alilolijia likazidi uzito.

"Mwalimu, kabla sijanywa chai yako nina la kusema. Ukishalisikia, ndipo uamue kama chai bado ni yangu."

Akalisema lote. Alieleza habari ya mkono uliokuwa nje ya maji, na sheria ya chupa, na siki. Alisema Maram alimkataza na hana lawama hata tone. Alipomaliza, mwalimu alikuwa ameshavifungua vifuniko. Alimtoa kiti cha pweza kwa vidole viwili, akamlaza kwenye sahani. Alilala vibaya, bila mfupa wala msimamo. Katika chupa ya nungu wa bahari, miiba ilikuwa imeanza kung'oka, imelala chini kama sindano zilizomwagika.

Mwalimu alikwenda dirishani, akawapa mgongo.

"Kule kwetu," alisema, "tulimsoma huyu kwa chaki. Mwalimu wetu alimchora ubaoni, mikono mitano, akatuambia ni mnyama. Hatukuamini. Na yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Nilisema nikiwa mwalimu, wasichana wangu watamshika kwa mkono." Akavua miwani, akaifuta kwa leso. "Na hapa bahari iko mlangoni, na bado darasani wana picha iliyochanika."

Bi Esha hakurundika samahani juu ya samahani. Aliketi na kosa lake, kama mtu anavyoketi na mgonjwa. Maram alikuwa akitazama sakafu. Chai ilianza kupoa.

Mwalimu aligeuka. Labda alitaka kuwaambia waende tu, yaliyopita yamepita. Lakini macho yake yalishikwa na zile chupa nyingine. Akainama. Akaichukua ya jongoo wa bahari, akaigeuzageuza. Akaichukua ya pweza mdogo.

"Bibi, hizi nazo ulizitia siki?"

"Zote, ila hiyo ya kiti cha pweza mdogo. Siki iliniishia."

"Na hawa walitoa povu?"

Bi Esha akafumba macho, akarudi katika chumba cha ndani, kabla ya adhana. "La. Waliolia ni kiti cha pweza, na wa miiba, na kaa. Jongoo na pweza walinyamaza kimya."

Mwalimu akaketi kitandani kando ya Maram. Kwanza alitabasamu, kisha akaziba mdomo kwa mkono, kisha akacheka kicheko kilichomtoka tumboni, cha mtu ambaye hajacheka mbele ya watu siku nyingi.

"Bibi, unajua umefanya nini? Umewauliza wote swali moja. Umewauliza, nani ana chokaa? Mwenye chokaa amejibu. Asiye nayo, au mwenye chembe tu kama jongoo, amenyamaza."

"Chokaa?" Bi Esha alishangaa. "Chokaa hii ya ukutani?"

"Hiyo hiyo. Siki inaila. Gamba la kaa, miiba ya huyu, na vijiwe vidogo ndani ya ngozi ya huyu mwenye mikono, yote ni chokaa. Ndiyo maana amelegea."

Bi Esha aliweka kikombe chini. Kumbukumbu ilimrudia kutoka mbali, imevaa nguo za uarusi. "Nilipoolewa," alisema polepole, "nilimwaga achari sakafuni, chumba cha ndani. Sakafu ya chokaa ile. Ikatoka povu. Ikalia hivi hivi. Mama mkwe wangu akaja mbio, akasema, 'Unaila nyumba yangu, we mtoto! Mwezi haujesha, unaila nyumba!'" Akajipiga paja. "Alinikataza siki isikanyage chumba kile maisha. Na mimi nikatii, Mwalimu, naapa nikatii, mpaka jana."

Maram aliinua uso. "Bibi! Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia ili unicheke?"

"Subiri," alisema mwalimu. Kicheko kilikuwa kimemsimama. "Nyumba yenu imejengwa kwa nini?"

"Kwa matumbawe. Mawe ya baharini. Na chokaa ni mawe hayo hayo, yamechomwa."

"Na matumbawe ni..." Mwalimu aliuelekeza mkono kwa Maram, kama yuko darasani.

"Ni wanyama," alisema Maram, na macho yake yakapanuka. "Wasio na uti wa mgongo. Waliojenga magamba yao kwa chokaa. Mwalimu, tunalala ndani yao!"

"Kukhu," alisema mwalimu, "Kukhu, hebu..." Akaona haya. "Samahani, Bibi. Kwetu ndivyo tunavyomwita bibi. Limenitoka."

"Lililotoka vizuri halirudishwi," alisema Bi Esha. Akakitwaa kikombe, na ingawa chai ilikuwa imepoa, aliinywa yote mpaka majani, kwa sababu sasa alijua ni yake.

Mwalimu alimwomba mambo mawili. Jumatatu aje darasani na siki. Na kama kuna kipande chochote cha lipu kilichodondoka nyumbani, akilete.

Kipande kilikuwapo, tena vipande. Ukuta wa nyuma ulikuwa ukimwaga lipu tangu mvua zilizopita, na Bi Esha alikuwa ameufunika kwa pazia ili wageni wasione. Jumapili alilifungua lile pazia, akachagua kipande kizuri, akakipangusa kwa kanga. Jioni akamtuma Maram Wiyoni na bakuli la mahamri, limefunikwa kwa kawa. Bakuli lilirudi limejaa njugu karanga za kukaangwa, zilizotumwa na yule mama wa kwenye migomba. Bi Esha alilipokea, akalitazama muda mrefu. Akasema peke yake, "Kumbe kwao pia bakuli halirudi tupu."

Jumatatu alivaa buibui lake jipya. Langoni, Jabez, mlinzi, mtu mrefu wa bara mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alikichungulia kikapu chake.

"Bibi, siki ya nini shuleni?"

"Ya kufundishia," alisema Bi Esha, na akashtuka kujisikia mwenyewe.

"Ala! Kumfundisha nani?"

"Wanaotaka. Na wewe ukitaka, njoo uketi."

Jabez akacheka, akamfungulia lango wazi kabisa, lile kubwa, ambalo hufunguliwa mkuu wa elimu anapokuja.

Darasani chupa zilikuwa zimepangwa mezani. Bi Esha alitafuta kiti karibu na mlango kwa mazoea yake, lakini mwalimu alikuwa amemwekea kiti mbele. Wasichana walikuwa wakinong'onezana. Mmoja wao, Emily, binti wa afisa wa polisi, mwenye ulimi usiokaa kinywani, alifungua chupa moja akanusa.

"Maram! Hawa wanyama wenu wananukia achari. Mwalimu, tutawachora ama tutawala?"

Darasa likaangua kicheko. Maram alikaza macho kwenye dawati. Bi Esha aliutafuta mlango kwa macho. Mlango ulikuwa mbali.

"Wachore kwanza," alisema. "Ukimaliza, nitakupikia wali. Lakini yule wa miiba utamtafuna peke yako."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na mwenye kucheka zaidi alikuwa Emily. Bi Esha aliona Maram ameinua uso, anamtazama kama mtu anayemwona mtu anayemjua katika mji wa ugeni.

Mwalimu aliwapitishia viti vya pweza wawili. Kila msichana alimshika mdogo, mgumu, mwenye mikono inayokwaruza vidole. Kisha akamshika mkubwa, laini, anayelegea kiganjani. Mwalimu aliuliza kwa nini. Waliobahatisha walibahatisha. Mmoja akasema mkubwa ni mzee. Mwengine akasema amekufa zaidi ya mwenzake, na hata mwalimu akashindwa kujizuia.

"Zimeni pangaboi," alisema kisha. "Fungeni madirisha. Nataka kimya cha msikitini. Bi Esha, tafadhali."

Bi Esha akasimama. Kipande cha lipu kilikuwa juu ya sahani nyeupe, na juu yake bado ilionekana nusu ya ua ambalo fundi fulani, asiyejulikana leo hata jina la babu yake, alilichonga siku moja akiwa na subira. Akafungua siki. Akasema Bismillahi, akadondosha.

Chii, chii, chii.

Sauti ile aliyoisikia peke yake, akaiogopa peke yake, sasa ilikuwa ikitembea katikati ya wasichana arobaini, ikiingia kila sikio kwa zamu yake. Waliokuwa nyuma walisimama. Mwalimu akadondosha tone jingine juu ya kijipande cha gamba la kaa, na gamba likajibu kwa sauti ile ile. Akadondosha juu ya jongoo, na jongoo akanyamaza.

"Nani anatuambia tumesikia nini?"

Maram alisimama. Alianza kwa sauti ndogo, akaeleza chokaa na siki, gamba na ukuta. Kila alivyoendelea mgongo wake ulinyooka. "Kwa hivyo nyumba za Mkomani na kiti cha pweza," alimaliza, "ni watu wa asili moja. Tumewajua kwa sababu walitiwa siki kwa bahati mbaya. Aliyewatia," akamgeukia Bi Esha, "aliyewatia ni bibi yangu. Huyu hapa."

Alisema "huyu hapa" kwa namna mtu anavyoonyesha kitu chake katika maonyesho. Bi Esha alirekebisha ushungi wake, ingawa haukuwa umehama.

"Bibi," aliuliza msichana mmoja, "uliposikia hiyo sauti alfajiri, hukuogopa?"

"Niliogopa. Nilidhani amefufuka. Nilimwuliza, hakunijibu."

Wakacheka tena, kisha wakainama kuchora. Bi Esha aliketi. Penseli zilianza kukwaruza karatasi, nyingi kwa pamoja, na akili yake ikamwambia kwamba sauti hiyo nayo anaijua, ya darasa aliloliacha utotoni. Msichana wa karibu naye alikuwa akimchora kiti cha pweza mdogo, akimgeuza kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Alipokwama aliisogeza karatasi kwa Bi Esha. "Mkono huu umetoka mrefu?" Bi Esha akaitazama picha, akamtazama mnyama, kwa makini ambayo hakuwahi kumpa siku zote alizokaa katika kidaka chake. Hakuwa na nia ya kumtazama tena. Lakini alikuwa mzuri, mashallah. Mgongo wake wote ulikuwa umetariziwa, nukta kwa nukta, kama kofia ya Idi ambayo mshonaji hakuwa na haraka nayo.

"Si mrefu," alisema. "Ila nukta umezisahau. Aliyemuumba hakuzisahau."

Kengele ilipolia, hakuna aliyetoka mara moja. Maram alikuja akakichukua kikapu kabla Bi Esha hajakigusa, akatangulia kwenda kuiosha chupa ya siki bombani. Mwalimu Rosebella alimsindikiza Bi Esha hadi langoni, wakitembea polepole kwa ajili ya magoti yake. Waliongea mambo madogo: kwamba bamvua ikirudi watashuka tena mwambani, na kwamba vifuniko vya chupa vinahitaji mpira ndani. Bi Esha alisema mpira anao, wa chupa za zamani, atautafuta. Aliwaza ni miaka mingapi tangu maji ya bahari yaguse miguu yake, akaona hakuna haja ya kuhesabu.

Jabez alifungua lango kubwa tena. Mwalimu alisimama, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe, kama mtoto mwenye kitu cha kusema na hajui aanzie wapi.

"Kukhu," alisema, "ukuje tena kule Wiyoni. Hata kama hakuna kilichoharibika. Nimenunua kikombe cha pili."